Modeli yangu inatabiri bei za hisa kwa asilimia 98, msimamizi kaikataa. Nimekosea wapi?

#1 Binti Sakina
Wakuu, habari za jioni. Niko Arusha, namalizia tasnifu ya uzamili. Nimekusanya bei za kufunga za kampuni tano zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, siku baada ya siku, nikazipitisha kwenye modeli mbili. Ya kwanza ni ARIMA, hesabu ya kukisia namba ijayo kutokana na zilizopita, ile waliyoieneza Box na Jenkins kwenye kitabu chao cha 1970. Ya pili ni mtandao wa neva bandia wa LSTM, hii ya akili mnemba. Ya pili inaikaribia bei halisi kwa asilimia 98. Nikichora grafu, mstari wa modeli na mstari wa soko vinalaliana kabisa.

Msimamizi kaitazama dakika mbili, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umetabiri jana." Basi. Kesho yake akasafiri kikazi na simu hapokei.

Nimekaa na data hii miezi saba. Nyingine nilizinakili kwa mkono kutoka kwenye ripoti za soko, usiku, umeme ukikatika nasubiri. Sitaki kutetea kitu kibovu, ila nataka kuelewa. Bei za hisa zinatabirika au hazitabiriki? Na kama hazitabiriki, hiyo 98 imetoka wapi?

#2 Kihamba
Naweka kiti mbele. Wajuzi waje. Mimi ni mtu wa kahawa, hisa nazisikia redioni.

#3 Takwimu Tupu
Dada, msimamizi wako kakwambia kweli, tatizo kakwambia kwa maneno mawili tu.

Tuseme hisa imefunga jana shilingi 400 na leo 405. Sasa mimi sina modeli, sina kompyuta, kazi yangu ni kusema "leo itakuwa kama jana". Nimesema 400, soko limeleta 405. Nimekosea shilingi 5 katika 400, yaani asilimia 1.25. Kwa hesabu yako mimi nina usahihi wa zaidi ya asilimia 98, na nimeupata nikiwa nimelala.

Fanya hivi. Chukua ile grafu yako, usiangalie miaka yote, kata wiki tatu tu na uikuze. Utaona mstari wa modeli una umbo lilelile la soko, ila umesogea siku moja kulia. Soko likipanda Jumanne, modeli inapanda Jumatano. Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipolenga.

Halafu usitabiri bei, tabiri badiliko la bei. Bei ya leo inabeba bei ya jana ndani yake, kwa hiyo lazima ionekane kama umepatia. Badiliko halina hiyo huruma.

#4 Mwl. Kiboriloni
Salaam toka Moshi. Swali la binti lina umri wa zaidi ya miaka 120, asijione yuko peke yake.

Mwaka 1900 Mfaransa Louis Bachelier alitetea tasnifu yake Paris kuhusu bei za soko la mitaji, mmoja wa waliomsahihisha akiwa mwanahisabati Henri Poincaré. Alisema kwa mtu aliyesimama leo, matarajio ya faida ya mchezaji wa soko ni sifuri, na akaandika hesabu ya mwendo wa kubahatisha, ambao hatua ijayo haitegemei iliyopita, miaka mitano kabla Einstein hajaandika inayofanana nayo kuhusu chembe zinazotikisika majini. Tasnifu ikakaa kabatini miongo kadhaa, wachumi wengi hawakuijali.

Baadaye Alfred Cowles wa Marekani, mwaka 1944, akawapima watabiri wenyewe. Alichukua kampuni 16 za ushauri na mapendekezo yao ya hisa kama 7,500. Kwa wastani wateja waliowafuata walipata pungufu ya soko kwa asilimia 1.43 kwa mwaka. Kisha Maurice Kendall, Uingereza, 1953, akapima mifululizo 22 ya bei za hisa, ngano na pamba akitafuta mpangilio. Hakuupata. Eugene Fama wa Chicago ndiye aliyekuja kuyafunga yote mwaka 1970 kwa hoja kwamba soko limeshaweka taarifa zilizopo ndani ya bei. Kesho inasogezwa na habari mpya, na habari mpya kwa maana yake ni ile usiyoijua leo.

#5 Takwimu Tupu
Mwalimu, sahihisho dogo. Hizo kampuni 16 na asilimia 1.43 ni za makala ya Cowles ya 1933, data ni za kuanzia 1928 hadi katikati ya 1932. Ya 1944 ni ufuatiliaji wake wa baadaye.

#6 Mwl. Kiboriloni
Kweli, nimechanganya. Asante. 1933.

#7 Mama Neema wa Rau
Mimi nitoe langu la nyumbani. Marehemu mume wangu alinunua hisa za benki ya CRDB mwaka 2009 zilipouzwa mara ya kwanza, shilingi 150 moja. Karatasi zake aliziweka kwenye kopo la biskuti, lile la bati la bluu, pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Ikafika wakati bei ikashuka chini ya ile 150. Shemeji zangu wakamsema sana, kwamba pesa ile angenunua ng'ombe. Hakuuza. Hakuwa mtabiri, alikuwa na msimamo wake tu: gawio likija analipa ada ya shule, lisipokuja anasubiri.

Bei ikaja kupanda kuliko alivyoota, na yeye hayupo kuiona. Ndiyo maana nauliza wasomi: huu utabiri wa kesho asubuhi unamsaidia nani? Mbona hakuna anayetafiti mtu wa kopo la biskuti?

#8 Apolo Mstaafu
Mama Neema, pole na hongera kwa pamoja.

Sasa mimi nampinga Mwalimu. Nimekaa miaka mingi kwenye tanzanite, Mererani na hapa Arusha mjini. Jiwe likitoka shimoni, wa kwanza kujua ni waliomo shimoni, wa pili ni dalali aliyesimama getini, wa mwisho ni wewe uliyekaa mjini na pesa mfukoni. Bei inasogea kabla wewe hujaambiwa kwa nini. Msiniambie kwenye hisa ni tofauti. Mtu anayeandaa hesabu za benki anajua faida kabla ya gazeti. Kwa hiyo bei inatabirika, ila si kwa grafu. Inatabirika kwa kujuana.

#9 Dalali wa Zamani
Apolo, hiyo ya kutumia taarifa za ndani ni kosa kisheria tangu Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994. Sisemi haitokei duniani, nasema usimfundishe binti kuiweka kwenye tasnifu kama mbinu.

Nimefanya kazi ya kununua na kuuza hisa za watu kwa miaka, na naona wote mmepita pembeni ya shida ya soko letu. Binti, fungua data yako utafute hisa mojawapo ambayo bei yake imeandikwa ileile siku nane mfululizo. Utaipata, tena si moja. Unadhani siku zile nane soko lilikubaliana kwamba thamani haijabadilika? Hapana. Hakuna aliyenunua wala kuuza. Bei iliyoandikwa ni ya mauzo ya mwisho, imelala pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Siku ya tisa anakuja mjane anataka kuuza hisa 300 amlipie mtoto hospitali, anapata mnunuzi kwa bei ya chini, na modeli yako inaona "mshtuko wa soko".

Tangu mwanzo tumeishi hivi. Soko lilipoanza 1996 kampuni zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

#10 Mwl. Kiboriloni
Sasa zamu yangu kusahihisha. 1996 ni kusajiliwa. Mauzo yalianza Aprili 1998, ikiorodheshwa kwanza TOL, ile ya gesi, na TBL, ile ya bia, ikafuata mwaka huohuo.

#11 Dalali wa Zamani
Sahihi Mwalimu, umri huu. Aprili 1998.

#12 Takwimu Tupu
Alichosema Dalali ni jambo linalojulikana kwenye utafiti. Lawrence Fisher alilionyesha mwaka 1966: ukijumlisha hisa zinazouzwa kila dakika na zinazouzwa kwa kudonoa, faharasa ya soko, yaani kipimo cha bei za hisa zote kwa pamoja, inaonekana kuwa na kumbukumbu. Leo inapanda kidogo, kesho inapanda tena, wewe unasema nimegundua mwenendo. Kumbe habari ni ileile moja, imezifikia hisa kwa siku tofauti.

Ila nisidanganye kwamba hilo limemaliza kila kitu. Andrew Lo na Craig MacKinlay, 1988, walipima hisa za Marekani za wiki kwa wiki kuanzia 1962 hadi 1985, wakakataa hoja ya mwendo wa kubahatisha. Wakajiuliza swali hilohilo la hisa zilizolala, wakaona peke yake halitoshi kueleza kiasi walichokikuta. Kwa hiyo kipo kitu. Kwamba kinatosha kulipa ada ya dalali ni habari nyingine.

#13 Dalali wa Zamani
Ada nimefurahi umeitaja. Tuseme kununua kunakula asilimia 2 na kuuza asilimia 2. Modeli ikikwambia kesho itapanda asilimia 1 na ikapatia, umepata hasara ya asilimia 3. Sijaona tasnifu nyingi za vijana zenye ukurasa huo.

Ongezeni na hili: kuna ukomo wa bei kupanda au kushuka kwa siku moja. Habari kubwa ikitoka, bei haiwezi kuruka yote leo, inapanda ngazi kwa ngazi siku kadhaa. Modeli inaziona ngazi, inatabiri ngazi inayofuata, inapatia. Lakini siku hizo muuzaji hakuna! Umepatia bei ambayo huwezi kununulia.

#14 Kihamba
Hapa nimeingia kwenye anga zangu. Kahawa yetu ni arabika, na mnadani hapa Moshi kila mtu anatupia jicho New York. Ikipanda kule, huku mnunuzi analegea mkono. Marehemu baba alikuwa na daftari la bei, kila msimu ameandika kwa peni ya bluu, ameweka na mvua pembeni. Alikuwa akisema bei nzuri huja baada ya miaka miwili ya bei mbaya, kwa sababu watu wanakata mibuni wanapanda mahindi na migomba. Alipatia mara nyingi kiasi.

Je, huyo naye alitabiri jana? Au mazao ni tofauti na hisa?

#15 Takwimu Tupu
Mzee Kihamba, shikamoo. Hilo daftari lilinde. Baba alikuwa na sababu, hakuwa na mstari tu. Mbuni mpya unachukua miaka mitatu au minne kuzaa vizuri, kwa hiyo mkulima akikata leo, uhaba hauzibiki msimu ujao. Ila jiulize: kama wewe unalijua hilo, mnunuzi wa New York halijui? Akilijua, ameshaliweka kwenye bei ya leo. Kendall aliweka ngano na pamba kwenye mifululizo yake, na kwa bei za wiki kwa wiki alitoka mikono mitupu.

#16 Kihamba
Marahaba. Mnunuzi wa New York hajawahi kuuona mbuni ukikatwa Kibosho. Hapo sikubali.

#17 Kijana wa Pasua
Jamani naomba niseme, maana najua kuna wadogo zangu wanasoma. Mwaka juzi niliingia kundi la WhatsApp la mtu anayetoa "signo", yaani dokezo la lini ununue na lini uuze. Alikuwa anaweka picha za grafu, mishumaa ya kijani na nyekundu, anachora mstari anasema hapa itadunda. Wiki ya kwanza amepatia mara nne. Nikauza bodaboda yangu. Wiki ya tano pesa imeisha na mimi nimeshaondolewa kundini.

Kinachoniuma, baadaye nimegundua alikuwa na makundi mengi. Moja analiambia itapanda, jingine itashuka. Linalokosea analifuta. Sisi tuliobaki tukamwona nabii.

#18 Mama Neema wa Rau
Pole sana mwanangu. Bodaboda ilikuwa mkate wako. Umefanya vizuri kusema, wengi wanameza aibu na wengine wanaingia shimo lilelile.

#19 Takwimu Tupu
Pole ndugu yangu. Na tuseme wazi, mchezo huohuo watafiti huufanya bila kukusudia. Unajaribu modeli 200, 199 zinashindwa, unachapisha moja. McLean na Pontiff, 2016, walifuatilia viashiria 97 vilivyochapishwa kuwa vinatabiri faida za hisa. Nje ya kipindi cha data ya mwanzo nguvu ilipungua asilimia 26, na baada ya kuchapishwa ilipungua asilimia 58. Sehemu ilikuwa bahati ya data, sehemu watu wamesoma makala wakaiwahi fursa.

Binti, andika kwenye tasnifu umejaribu modeli ngapi. Zote.

#20 Apolo Mstaafu
Basi niulize swali moja. Kama kila kilichopo kimeshaingia kwenye bei, nani anakiingiza? Mimi nikijua kuchimbua habari hakunilipi, nachimbua kwa nini?

#21 Mwl. Kiboriloni
Apolo, umeuliza swali la Grossman na Stiglitz, 1980, neno kwa neno. Walisema soko lililo kamili kabisa haliwezekani: kama bei imebeba kila kitu, hakuna atakayegharamia kutafuta taarifa, na asipokuwepo wa kutafuta, bei haitabeba kitu. Lazima pabaki kijifaida cha kumlipa mchimbaji. Shimo zima hapati, lakini ujira anapata.

Na ndiyo maana Nobel ya uchumi 2013 iliwaweka Fama na Robert Shiller meza moja, pamoja na Lars Hansen. Shiller alionyesha 1981 kwamba bei za hisa zinayumba kuliko gawio linavyoweza kueleza. Kwake yeye watu hupandwa na hamasa, hushikwa na hofu, na kwa miaka mingi bei inarudi inapostahili. Kwa hiyo kesho haioneki, lakini miaka kumi unaweza kuikisia kidogo. Fama anaona mabadiliko hayohayo anasema ni malipo ya mtu kukubali kubeba hatari. Wawili wale hawakukubaliana.

#22 Apolo Mstaafu
Mwalimu leo umenipa heshima, watoto wangu watasoma hii.

#23 Mama Neema wa Rau
Miaka kumi. Sasa mmefika kwenye kopo langu.

#24 Dalali wa Zamani
Na wapo waliolipima kopo lako, mama. Barber na Odean, 2000, walichukua kaya 66,465 za Marekani zenye akaunti za hisa, 1991 hadi 1996. Waliokuwa wananunua na kuuza sana walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, soko lenyewe lilitoa 17.9. Nimewaona wateja wa aina hiyo. Anapiga simu asubuhi uza, jioni nunua.

Lakini usilitumie kama kinga ya kila kitu. Nimeona pia watu waliolalia hisa za kampuni moja hadi ikawafia mikononi. Mume wako alipatia kampuni.

#25 Mama Neema wa Rau
Hilo ni kweli, sikatai. Alikuwa na mbili. Ya pili siitaji.

#26 Binti Sakina
Wakuu nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nina mawili ya kukiri.

La kwanza: nimekuza grafu kama alivyosema Takwimu. Wiki tatu. Imesogea siku moja kulia, kila mahali. Nimeinyamazia kwa dakika kadhaa.

La pili ni baya zaidi na hakuna aliyeliuliza. Kabla ya kugawa data ya kufundishia na ya kupimia, nilizibana bei zote kwenye kipimo cha 0 hadi 1. Ina maana modeli ilishajua kilele cha bei cha mwaka wa mwisho kabla ya kufika huko. Nilikuwa naionyesha majibu ya mtihani bila kujua.

Nina miezi miwili. Nifanye nini?

#27 Takwimu Tupu
Kwanza, pongezi. Wengi wakiliona hilo wanafunga kompyuta wananyamaza.

Gawa kwanza, bana baadaye, kwa kipimo cha data ya kufundishia peke yake. Weka "leo ni kama jana" kuwa mshindani rasmi kwenye kila jedwali. Toa siku zisizo na mauzo, au angalau zionyeshe. Kata ada.

Na ukitaka kitu kinachotabirika kweli, acha mwelekeo, tazama ukubwa wa mtikisiko. Mandelbrot aliliona 1963: mabadiliko makubwa hufuatwa na makubwa, madogo na madogo, bila kujali yanakwenda juu au chini. Engle akalitengenezea modeli ya ARCH 1982, akapewa Nobel 2003, na Bollerslev akaipanua kuwa GARCH 1986. Hapo una pa kusimama.

#28 Kihamba
Hiyo hata mvua iko hivyo. Ikianza kuvuruga inavuruga wiki nzima, hujui tu itanyesha mchana au usiku.

#29 Dalali wa Zamani
GARCH kwa hisa isiyouzwa siku nane? Utapima mtikisiko wa nguo kwenye kamba. Mimi ningeacha bei kabisa, nitafiti siku ngapi hupita kati ya mauzo mawili. Hilo ndilo linalomuumiza anayetaka kuuza.

#30 Takwimu Tupu
Dalali, kwa zile mbili tatu zinazouzwa kila siku GARCH inafaa. Kwa nyingine nakubali.

#31 Binti Sakina
Nimekesha. Nimerudia upya kwa kampuni zote tano. Kwa tatu, "leo ni kama jana" imeishinda LSTM yangu waziwazi. Kwa mbili modeli imeshinda, kidogo, na ushindi unabaki hata nikipima mabadiliko badala ya bei. Sijakata ada bado. Nimemtumia msimamizi jedwali kama lilivyo.

Mwl., Takwimu, Dalali, Mama Neema, wote, asanteni sana.

#32 Dalali wa Zamani
Hizo mbili, binti, nihesabie kwanza: zina siku ngapi zisizo na mauzo hata moja?

#33 Binti Sakina
Nahesabu. Moja nimefika 2019 tayari ni nyingi.

#34 Kihamba
Ukimaliza shuka Moshi nikupe lile daftari la baba ulinakili. Lina mvua na bei pamoja. Mtoe Takwimu huko aliko mje naye, nataka anionyeshe kwa macho yangu wapi New York iliuona mbuni wetu.